Umeme Upitao Juu: Laini ya Inga–Shaba na Vijiji vya Chini Yake tangu 1973

Utangulizi

Mnamo mwaka 1982, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikamilisha laini ya kusafirisha umeme yenye urefu wa takriban kilometa 1,700. Laini hiyo inaanzia Inga, magharibi mwa nchi, kati ya Kinshasa na bahari, na kuishia Kolwezi katika mkoa ulioitwa Shaba wakati huo, yaani Katanga. Hapakuwa na laini ya umeme wa mkondo mnyoofu iliyoipita kwa urefu popote duniani. Msongo wake ni kilovolti 500 chanya na hasi, na awamu yake ya kwanza ilisanifiwa kubeba megawati 560. Inaondoka katika nchi ya wasemaji wa Kikongo, inavuka nyika za Kwango na Kwilu, inapita Kasai ambako husemwa Kiluba, na kufika mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni. Katika safari yote hiyo usanifu wa awali haukuwa na kituo hata kimoja cha kati cha kuutoa umeme kwa wakazi wa njiani.

Maandishi kuhusu malalamiko ya wanavijiji juu ya laini za umeme mkubwa, hasa yale ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, hujikita katika mambo matatu: fidia ya ardhi, hofu ya afya na kuharibiwa kwa mandhari. Mambo hayo yapo pia katika Afrika ya Kati na ya Mashariki, lakini hayaelezi kiini cha kisa cha Inga–Shaba. Hapa lalamiko la msingi ni la kupitwa. Mtu anaishi chini ya nyaya zenye nguvu ya kuendesha mitambo ya migodi, na usiku anawasha koroboi. Makala haya yanajenga hoja kwamba hali hiyo haikutokana na bahati mbaya wala na umaskini wa dola peke yake. Ilipangwa mara mbili: kwanza katika uteuzi wa teknolojia, na pili katika sheria ya ardhi ya mwaka uleule mradi ulipoanza. Hoja ya pili ni kwamba kile ambacho nyaraka za shirika la umeme na za wafadhili hukiita "wizi na uharibifu" ni sehemu ya kumbukumbu chache zinazoonyesha jinsi wenyeji walivyoipokea laini hiyo.

Jambo hilo la pili linahitaji tahadhari ya kiutafiti. Kumbukumbu za Inga–Shaba ni nyingi, ila ziliandikwa na wahandisi, mabenki, wanadiplomasia na wachambuzi wa siasa. Kitabu cha Jean-Claude Willame cha mwaka 1986 kuhusu Inga, na kile cha Crawford Young na Thomas Turner cha mwaka 1985 kuhusu kupanda na kushuka kwa dola ya Zaire, vinaeleza vizuri uamuzi ulivyofanyika na nani alinufaika. Mwanakijiji wa Kwilu au Kasai haonekani sana katika kurasa hizo. Anapotokea katika ripoti za baadaye, anatokea kama tatizo la ulinzi. Mwanahistoria hana budi kusoma ripoti za namna hiyo kinyume na mwelekeo wa waandishi wake.

Kwa nini umeme upelekwe Shaba

Katanga haikuwa na njaa ya umeme kwa asili yake. Kampuni ya madini ya Kibelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ilijenga mabwawa manne ya umeme kati ya miaka ya 1930 na 1950: Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, kisha Nzilo na Nseke katika mto Lualaba. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kabla ya Kariba kukamilika, umeme wa Katanga ulivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Laini ile ya kilovolti 220 ni miongoni mwa viungo vya kwanza vya umeme vya kimataifa barani Afrika. Nayo ilitoka mgodini kwenda mgodini.

Wataalamu kadhaa wa miaka ya 1970 waliona kwamba mahitaji ya ziada ya Shaba yangeweza kutoshelezwa kwa kujenga mabwawa mengine karibu na migodi, Busanga likiwa moja ya maeneo yaliyotajwa. Uamuzi ulikwenda kwingine. Inga I ilikuwa imeanza kazi mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga II, yenye megawati 1,424, ilikuwa inakuja. Viwanda vilivyotarajiwa kuununua umeme huo karibu na bahari havikujitokeza. Serikali ilikuwa na umeme usio na mnunuzi upande mmoja wa nchi, na mnunuzi mkubwa upande wa pili.

Hata hivyo, hesabu ya soko haitoshi kueleza uamuzi huo. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963 chini ya Moïse Tshombe, na utajiri wa madini ndio uliouwezesha utawala ule kusimama. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha mali za Union Minière na kuunda shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gécamines. Kuufanya mgodi utegemee umeme unaotoka kilometa 1,700, karibu na mji mkuu, kulikuwa ni kuushika mkoa mzima kwa swichi moja. Waandishi wengi wamelitaja lengo hili, na hakuna sababu nzuri ya kulipuuza. Linatoa maana kwa jambo ambalo kiuchumi lingeonekana la ajabu.

Mikataba ilianza kutiwa saini mwaka 1973, bei ya shaba ikiwa inapanda. Ujenzi wa laini uliongozwa na kampuni ya Marekani, Morrison-Knudsen, kwa mikopo iliyodhaminiwa kwa kiasi kikubwa na Benki ya Mauzo ya Nje ya Marekani. Bei ya shaba ilifikia kilele mwezi Aprili 1974 kisha ikaporomoka. Mradi wa madini wa Tenke-Fungurume, uliotarajiwa kuwa mteja mkubwa wa umeme huo, ulisimamishwa mwaka 1976. Mwaka 1977 na tena mwaka 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Shaba. Mara ya pili waliiteka Kolwezi, na wafanyakazi wa kigeni wa laini walilazimika kuhamishwa. Ujenzi ulichelewa kwa miaka, gharama zikapanda mara kadhaa, na deni lake likawa sehemu nzito ya deni la taifa. Laini ilipowashwa, mgodi haukuhitaji hata umeme wote ambao awamu ya kwanza iliweza kuubeba.

Deni hilo lililipwa, au lilitakiwa kulipwa, na taifa zima. Mkulima wa muhogo wa Kwango alikuwa mdaiwa wa laini iliyopita juu ya shamba lake, ingawa hakuna aliyempelekea hati ya madai.

Mkondo usiogawika

Umeme wa mkondo geu, ule unaotumika majumbani, una sifa moja iliyoufanya utawale duniani: msongo wake hupandishwa na kushushwa kwa transfoma, chombo kisicho na sehemu inayozunguka na ambacho hukaa kazini kwa miongo. Laini ya kilovolti 132 au 220 ikipita karibu na mji mdogo, inawezekana kujenga kituo cha kupoza umeme na kuuhudumia mji huo. Ni ghali, lakini ni kazi ya kawaida ambayo shirika lolote la umeme linaifahamu.

Umeme wa mkondo mnyoofu hauingii katika transfoma. Ili kuutoa kwenye laini, sharti kwanza ugeuzwe kuwa mkondo geu katika kituo maalumu chenye safu za vali za kielektroniki, vichujio na mitambo ya udhibiti. Gharama ya kituo cha namna hiyo haipungui kwa kadiri ya udogo wa mahitaji. Kijiji kinachohitaji kilowati mia mbili na mji unaohitaji megawati hamsini hukabiliana na mlango uleule wa gharama. Kwa masafa marefu mno mkondo mnyoofu hupunguza upotevu wa umeme na gharama ya nyaya, na kwa kilometa 1,700 sababu za kihandisi za kuuchagua zilikuwa za kweli. Wahandisi hawakudanganya. Lakini sababu za kihandisi zilikubaliana kikamilifu na matakwa ya kisiasa: umeme ambao mtu wa katikati hawezi kuuchota, wala gavana wa mkoa wa katikati hawezi kuudai.

Husemwa mara nyingi kwamba miaka ya 1970 haikuwa na namna nyingine. Kauli hii ina ukweli, ila si kamili. Mfano wa karibu zaidi kiteknolojia uko katika Bahari ya Kati. Tangu mwaka 1967 laini ya mkondo mnyoofu iliiunganisha Sardinia na Italia bara ikipita juu ya kisiwa cha Corsica bila kukihudumia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka kama ishirini, kituo cha megawati 50 kiliongezwa Corsica kwenyewe. Watu wa Corsica nao walipitwa, kwa muda. Tofauti ni kwamba walikuwa raia wa dola iliyoweza kudai sehemu yake. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa muongo uleule ambao laini ya Kongo ilianza kazi, kikwazo hakikuwa tena cha maarifa ya kihandisi. Kilikuwa cha fedha, na cha nani mwenye sauti ya kuzidai.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Laini ya Inga–Shaba ilikuwa mgeni wa aina nyingine: ilifika na mizigo, ikapewa njia, ikapita.

Ardhi ya wote, ardhi ya dola

Ni mara chache historia ya miundombinu hutoa sadfa iliyo wazi kama ya mwaka 1973. Mwaka huohuo ambao mikataba ya laini ilianza kuingia, Zaire ilipitisha Sheria Na. 73-021 ya tarehe 20 Julai kuhusu mali, ardhi na dhamana. Tayari Sheria ya Bakajika ya Juni 1966 ilikuwa imerudisha kwa dola haki zote za ardhi na madini ambazo ukoloni ulizigawa kwa makampuni. Ilipokelewa kwa shangwe, kama tendo la uhuru. Sheria ya 1973 ilikwenda mbali zaidi: Kifungu cha 53 kiliitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola peke yake, isiyoweza kuhamishwa wala kupotezwa kwa kupita kwa muda. Kifungu cha 387 kiliziingiza ardhi zilizokaliwa na jumuiya za wenyeji katika milki ya dola. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za matumizi za jumuiya hizo zingewekewa utaratibu kwa amri ya Rais.

Amri hiyo haikutolewa katika kipindi chote cha Mobutu, wala baadaye. Katika pengo hilo ndimo laini ilimopita. Mwaka 1977 ilitungwa sheria ya utwaaji wa mali kwa manufaa ya umma, ambayo ilizitaja haki za matumizi za jumuiya za wenyeji miongoni mwa haki zinazoweza kutwaliwa. Lakini haki ambayo mipaka yake haijaandikwa popote haina kipimo cha fidia. Mwenye hati mjini alikuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu. Mzee wa ukoo wa Kwilu alikuwa na makaburi, miti ya matunda na kumbukumbu za nani alilima wapi.

Namna ya kilimo ya nyika hizo inalikuza tatizo hili. Shamba la muhogo au mahindi hulimwa kwa misimu michache, kisha ardhi hupumzishwa kwa miaka hadi rutuba irudi. Kwa macho ya mpima njia, ardhi iliyopumzishwa ni pori. Fidia inapohesabiwa kwa mazao yaliyosimama siku ya upimaji, ardhi inayopumzika haihesabiwi, na miti ya msituni huhesabiwa kama kichaka cha kufyeka. Katika Kwango na Kwilu baadhi ya miti hiyo ni makao ya viwavi wanaoliwa na kuuzwa, chakula chenye heshima na soko hadi Kinshasa. Mkuza wa laini hauruhusu miti mirefu. Hasara ya namna hii haikuwa na safu katika jedwali la mthamini, kwa kuwa sheria yenyewe haikuwa na jina lake.

Ikumbukwe pia kwamba mazungumzo yote ya kisheria yalifanyika kwa Kifaransa, katika laini inayokata maeneo ya lugha zote za taifa za magharibi na kusini mwa nchi. Jambo hili halikuwa la Kongo pekee. Hata hivyo, katika mkutano wa wataalamu wa Kiswahili linastahili kutajwa: lalamiko lisiloweza kuandikwa katika lugha ya ofisi huishia kwa karani wa mlangoni.

Chuma

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 na 1993 wanajeshi wasiolipwa waliongoza uporaji katika miji mikubwa. Kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000, na sarafu ilikuwa imepoteza karibu thamani yake yote. Bei za bidhaa za viwandani vijijini zilipanda kupita uwezo wa wakulima, na zana za chuma zikawa adimu.

Ni katika miaka hiyo ambapo vyuma vya minara vilianza kutoweka kwa wingi. Mnara wa umeme mkubwa umeundwa kwa vipande vya chuma vya pembe vilivyofungwa kwa boliti, kila kimoja kikimwegemea mwenzake. Vipande vya chini vinafikiwa na mtu aliyesimama ardhini mwenye spana. Kikitoka kimoja mnara hauanguki. Vikitoka kumi bado unaweza kusimama, ukingoja dhoruba ya kwanza ya masika. Chuma hicho ni kizuri, kimepakwa zinki, hakishiki kutu upesi, na kina urefu unaomfaa mhunzi. Maelfu ya vipande yaliondolewa katika miongo iliyofuata, na minara iliyodhoofika iliangusha laini mara kwa mara. Nyaraka za mradi wa ukarabati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 2000 zinaitaja kazi ya kurudisha vyuma vilivyoibwa miongoni mwa mahitaji ya kwanza.

Upo ushawishi wa kulisoma tendo hili kama upinzani. James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu silaha za wanyonge, aliwafundisha watafiti kuona siasa katika ukokoaji mdogomdogo na uvivu wa makusudi. Lakini kisa hiki hakiingii chote katika mtungi huo. Aliyefungua boliti alihitaji chuma, au alihitaji fedha ya chuma chakavu. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa akipiga kura dhidi ya Kinshasa. Wala madhara hayakuwafikia wakubwa tu. Laini ikianguka, Kolwezi na Likasi huingia gizani, hospitali na pampu za maji zikiwemo, na wanaoteseka ni watu wa kawaida kama yeye.

Jambo linaloweza kusemwa kwa uhakika ni la kawaida zaidi, na kwa mshauri wa sera lina uzito zaidi. Ulinzi wa kitu kirefu namna hii hauwezekani kwa askari. Kilometa 1,700 hulindwa na watu wanaoishi kando yake au hazilindwi kabisa. Nguzo za kijiji zinazoleta umeme kijijini huwa na walinzi wasiolipwa: jirani anayeona mtu akikata waya atapiga kelele, kwani taa yake mwenyewe itazimika. Chini ya laini ya Inga–Shaba hapakuwa na taa ya kuzimika. Kitu pekee ambacho mnara uliweza kumpa jirani yake kilikuwa chuma chake, naye akakichukua. Kukiita kitendo hicho ujinga au ushenzi, kama ripoti kadhaa zinavyodokeza kwa lugha ya upole, ni kuacha kuuliza kwa nini hapakuwa na jirani mwenye maslahi ya kupiga kelele.

Hofu ya afya

Hofu ya afya haikosekani katika maeneo haya, na haifai kudharauliwa. Lakini inapaswa kutenganishwa kwa aina ya mkondo. Mwaka 2002 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka uga sumaku wa masafa ya chini sana, ule wa umeme wa mkondo geu, katika kundi 2B, yaani huenda unasababisha saratani, kwa msingi wa ushahidi mchache kuhusu lukemia ya watoto. Uga tuli, ambao ndio unaohusika na laini ya mkondo mnyoofu, uliwekwa katika kundi la 3, ambako ushahidi hautoshi kuutolea uainishaji. Hatari zilizo dhahiri chini ya laini kama ya Kongo ni za kimakanika: waya uliokatika, mnara ulioinama, na moto wa nyika unaofika kwenye nyaya. Hizo ndizo hatari ambazo wizi wa vyuma uliziongeza, kwa wenyeji kwanza.

Baada ya ukarabati, na kwa majirani

Mradi wa Soko la Umeme la Kusini mwa Afrika, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2003, ulilenga kuiimarisha njia ya Inga–Kolwezi hadi mpaka wa Zambia ili Kongo iweze kuuza umeme katika umoja wa mashirika ya umeme ya kusini, ulioanzishwa mwaka 1995. Lengo hilo lilikuwa na mantiki yake: shirika la umeme la taifa, SNEL, lilihitaji fedha za kigeni. Ila kwa mtu aliye chini ya nyaya, maana yake ilikuwa kwamba umeme ambao zamani ulimpita kwenda Kolwezi sasa ungempita kwenda mbali zaidi. Kiwango cha upatikanaji wa umeme vijijini nchini Kongo kimeendelea kukadiriwa kuwa takriban asilimia 1.

Sheria Na. 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wazalishaji wengine na kuweka msingi wa mamlaka ya udhibiti na wakala wa umeme vijijini. Kwa vijiji vingi vya njiani, tumaini la karibu sasa ni gridi ndogo za jua au za mito ya jirani, si laini iliyo juu ya paa. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo hayajibu swali la mkuza: ardhi iliyotwaliwa imebaki imetwaliwa, na Kifungu cha 389 kimebaki ahadi.

Nchi jirani zilifika kwenye swali hilohilo zikiwa na sheria tofauti, na tofauti hiyo inaonekana katika ratiba za miradi. Nchini Uganda, Katiba ya 1995 iliikabidhi ardhi kwa raia, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kuitwaa ardhi kwa nguvu kabla ya kulipa fidia. Nchini Kenya, mtambo wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana wenye megawati 310 ulikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 2017, lakini laini ya kilometa zaidi ya 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Kufilisika kwa mkandarasi kulichangia, na madai ya njia pia. Maofisa hupenda kuuita ucheleweshaji wa namna hii gharama ya haki za ardhi. Kisa cha Kongo kinaonyesha kwamba gharama hiyo haiepukwi kwa kuzinyima jumuiya haki. Huahirishwa, kisha hulipwa kwa vyuma na kwa giza, na hakuna anayeiandika katika bajeti ya mradi.

Laini ya Ethiopia na Kenya inastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Ina urefu wa kilometa zaidi ya 1,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, msongo wa kilovolti 500 wa mkondo mnyoofu, na uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kununua umeme kwa njia hiyo mwishoni mwa mwaka 2022. Upande wa Kenya inapita Marsabit, Samburu, Isiolo na Laikipia, nchi za wafugaji ambako mgawanyo wa ardhi ya malisho umekuwa na mvutano tangu ukoloni. Ilipokuwa ikijengwa, mji wa Marsabit ulikuwa ukitegemea mitambo ya dizeli isiyounganishwa na gridi ya taifa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inawapa wafugaji hao chombo ambacho wenzao wa Kwilu hawakuwa nacho mwaka 1973. Lakini teknolojia ni ileile, nao wanapitwa kwa namna ileile.

Kwa laini za mkondo geu, ambazo ndizo nyingi zaidi katika ukanda huu, njia ya tatu ipo kati ya kituo ghali cha kupoza umeme na kupitwa kabisa. Profesa Francesco Iliceto wa Chuo Kikuu cha Roma alibuni namna ya kuutumia waya wa kukinga radi, ule unaopita kileleni mwa minara, kubeba umeme wa msongo wa kati kwa ajili ya vijiji vilivyo kando ya laini. Ghana ilianza kuitumia mbinu hiyo katika miaka ya 1980 kando ya laini zake za kilovolti 161. Sharti lake ni kwamba waya huo usifungwe moja kwa moja kwenye chuma cha mnara, bali utundikwe juu ya vihami tangu mwanzo. Laini ikiwa bado kwenye michoro, hivyo ni vihami vichache vya ziada kwa kila mnara na mstari mmoja katika zabuni. Laini ikishasimama, kazi hiyohiyo hudai fundi apande minara yote, mmoja baada ya mwingine, na umeme wa wateja wa mbali uzimwe wakati anapanda.